Mlango wa Nyumba ya Nazari

Mbuzi hawakupita juu ya ule mlango. Ulikuwa umelazwa juu ya mtaro mbele ya nyumba ya Bibi Kandida, pale Lumemo, ukawa daraja. Watu waliukanyaga wakienda misa, wakienda mashineni kukoboa mpunga, wakirudi na ndoo za maji kichwani. Lakini mbuzi wakifika hapo walisimama, wakanusa, wakazunguka mbali nyuma ya choo, kwenye matope, hata uwachape vipi. Mbwa nao waliruka. Watu waliona, wakazoea. Ndivyo tulivyo binadamu, Mungu atusamehe: jambo tukishalizoea tunadhani limekwisha.

Aliyeutambua kwamba ni mlango alikuwa Mwalimu Salvatory.

Hiyo ilikuwa mwaka tisini na sita. Mitaa ya pembeni ya Ifakara ilikuwa inajaa nyumba za bloku na mabati mapya, na ya zamani iliyobaki Lumemo ilikuwa moja tu, nyumba ya Nazari, tajiri wa mpunga wa enzi za Mwingereza. Matofali ya kuchoma, baraza refu, kuta nene. Haikuwa na mtu wala mlango. Kuna mtu alikitaka kile kiwanja avunje ajenge baa. Salvatory, aliyekuwa amestaafu ualimu na hakuzoea kukaa bila watu wa kuwaongoza, aliunda kamati ya kuihifadhi, akaenda wilayani kwa watu wa utamaduni mpaka soli za viatu zikaisha. Bwana utamaduni alikuja, akaizunguka nyumba, akasema, "Mwalimu, nyumba isiyo na mlango ni gofu, na gofu mimi siwezi kulipigia kibao cha hifadhi. Tafuteni mlango wake, ule ule. La sivyo, kiwanja kitagawiwa."

Salvatory na Fulgence, seremala, wakaenda kwa Bibi Kandida.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Kandida hakuitikia marahaba. Alikuwa anapepeta mchele barazani, na ungo haukusimama. "Huyo Fulgence na mtalimbo wake mnakwenda wapi?"

"Tumekuja kuuomba mlango, bibi. Ni mali ya historia."

"Historia ya nani? Nazari ni mjomba wangu, nilimwona akikata roho. Wewe ni mtu wa kuja, umeletwa hapa na chaki."

"Tutakujengea daraja la zege."

"Zege!" Ungo ukasimama. "Salvatory, ule mlango haukulazwa pale kwa ajili ya matope. Nazari alifuga kitu cha kulinda ghala lake. Alipokufa kikakosa mwenyeji. Kikawa kinabisha hodi kutoka ndani, mchana kweupe, kinatafuta mtu wa kukikaribisha. Mama yangu akaung'oa mlango, akaulaza hapo ukanyagwe. Nyumba isiyo na mlango haina hodi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bibi," alisema Salvatory, na akacheka kidogo, akamkonyeza Fulgence.

"Umecheka. Kwangu usirudi kulia."

Jumapili Bibi Kandida akiwa misa ya kwanza, Salvatory alikuja na Fulgence wakauchukua. Upande wa chini, uliokuwa umetazama maji ya mtaro miaka yote ile, ulikuwa mkavu kabisa, kama uliotoka kuanikwa. Fulgence alisema, "Mwalimu, hebu tazama." Salvatory akasema, "Mninga huo. Beba." Maneno ya Bibi Kandida hakuyafikisha kwenye kamati. Alijua kuna wajumbe waoga, nao wangekataa.

Siku ya kupiga kibao watu walijaa. Ilikuwa saa saba mchana, jua la kiangazi limesimama. Fulgence aliupachika mlango kwa bawaba mpya, bwana utamaduni akaomba ufungwe kwanza apige picha. Ukafungwa. Watu wakanyamaza wakiangalia kamera.

"Hodi," ikasema sauti kutoka ndani.

Ilikuwa sauti ya mzee, ya polepole, ya mtu mwenye adabu zake.

"Hodi wenyewe."

Watu wakacheka. Salvatory alidhani ni mjumbe mmoja anamtania, kwa maana watoto wote wa Lumemo waliopita darasani kwake walijua mwalimu huyu aliwachapa watu kwa jambo moja zaidi hata ya wizi: kusikia hodi na kutojibu. Akajiweka sawa kola, akasema kwa sauti ya sherehe, "Karibu! Karibu sana, mzee wangu!"

Mlango ukafunguka taratibu. Hakutoka mtu. Kilichotoka ni harufu ya mpunga uliolowa ukaozea guniani, na ikawapita watu mmoja mmoja kama inayowatazama nyuso.

Fulgence alitema misumari aliyokuwa ameishika kwa meno. "Mwalimu," alinong'ona, "ndani hamna mtu. Nimefagia mwenyewe."

Bwana utamaduni alikohoa, akagongea kibao, akaondoka bila kula pilau.

*

Mke wa Salvatory aliitwa Paskalina, mama wa binti mmoja, Merina, aliyeolewa huko kwenye mashamba ya miwa. Nyumbani walibaki wawili. Jioni ile Paskalina alipakua wali na perege sahani mbili, akaenda jikoni kuchukua pilipili, aliporudi sahani zilikuwa tatu. Ya tatu ilikuwa tupu, imeliwa.

"Baba Merina, umeleta mgeni?"

"Mgeni gani?"

Akaziondoa sahani. Kesho yake kiti cha mwalimu kililowa, na harufu ile ilikuwa imekaa juu yake. Salvatory alikifuta, akakaa kwenye mkeka. Keshokutwa shati lake la misa lilikutwa limevaliwa, kwapa zina tope jeusi la mbugani. Akavaa jingine. Usiku wa tatu Paskalina alimkuta mumewe amelala chini sebuleni, amejikunyata kama mtoto.

"Kwa nini hulali kitandani?"

"Kuna mtu," alisema Salvatory, kwa sauti ndogo mno. "Mama Merina, usiende. Nimemwambia wewe unaumwa."

Hapo Paskalina alielewa kinachotakwa. Kiti kimeshachukuliwa, na sahani, na shati, na kitanda, na kila kitu kilitoka kwa Salvatory kikaenda kwa yule mwingine bila ugomvi, kwa upole, kama mwenyeji anavyompisha mgeni, na baada ya kitanda kulikuwa kumebaki yeye.

Alinyunyiza maji ya baraka kila pembe. Yalikauka kabla ya kugusa sakafu. Alipiga magoti kusali rozari mchana, mlango wa nje uko wazi, majirani wanaanua mpunga hatua chache tu kutoka hapo, na alipofika fumbo la pili akasikia chumbani sauti nyingine inasali naye, sauti ya mumewe, na mumewe alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, alijua kwa hakika kwa sababu nyimbo zilisikika mpaka pale. Akaongeza sauti ili kuifunika, nayo ikaongeza, akaharakisha, nayo ikaharakisha, ikampita, ikawa inatangulia punje moja mbele yake, Salamu Maria kwa Salamu Maria, mpaka akatambua kwa hofu kwamba haimfuati yeye ila yeye ndiye anayeifuata, na kwamba ikifika mwisho itatoka humo chumbani kuja kukaa pale alipo. Aliitupa rozari, akakimbia nje peku, na nyuma yake sauti ikasema Amina.

Alikimbilia kwa Bibi Kandida.

"Sikusema asirudi kulia?" alisema bibi. "Kamtuma mke!"

"Hajanituma, bibi. Nimekuja mwenyewe. Nisaidie, nitapoteza nyumba."

"Wenzio walikuja hapa na mtalimbo nikiwa kanisani. Kanisani, Paskalina! Kama wezi wa kuku." Alimwacha asimame juani muda mrefu. Kisha akasema, "Kamwite."

Salvatory alikuja amekonda, kola imemkaa kama kamba shingoni. Alipiga magoti, akasema mbele ya mkewe na Fulgence, aliyekuja naye, kwamba alionywa akaificha kamati. Bibi Kandida hakumwinua.

"Mgeni hafukuzwi," alisema. "Mgeni husindikizwa, na aliyesema karibu ndiye anayesindikiza. Utamtoa kwako kwa heshima, utamfikisha kwa Nazari. Akishaingia, Fulgence ang'oe mlango. Nyumba itarudi kuwa gofu. Umekubali?"

Salvatory alitazama upande kilipokuwa kibao chake. Akachelewa kujibu. Paskalina aliona amechelewa, na hilo lilimuuma kuliko yote.

"Nimekubali."

"Atakukaribisha ndani. Usiingie. Mkatalie mpaka aseme inatosha, ndipo urudi."

"Kukataa karibu?" alisema mwalimu, kama aliyeambiwa ateme mate altareni.

"Ukiingia wewe ndiye mgeni. Na mgeni wake hatoki mpaka mtu wa nje amjibu hodi. Sasa shika adabu zako uone zitakufikisha wapi."

*

Walitoka mchana, saa saba ile ile. Salvatory alitembea upande wa kulia wa barabara, akaacha nafasi kushoto, akizungumza na kutikisa kichwa kama mtu na mgeni wake. Paskalina na Bibi Kandida walifuata kwa mbali. Kundi la mbuzi lilikuwa linakuja kwa mbele. Lilipomfikia Salvatory halikumpisha mtu mmoja: lilipasuka katikati, likaacha njia ya watu wawili, na mbuzi wa upande wa kushoto waliingia mtaroni wakilia.

Kwenye nyumba ya Nazari mlango ulifunguka. Harufu ikapita, ikaingia. Fulgence alikuwa amejibanza kando ya fremu na nyundo yake. Salvatory akasimama kizingitini.

"Haya, mzee wangu, umefika salama," alisema.

"Nimefika," ilisema sauti kutoka ndani. Waliisikia wote. "Karibu maji ya kunywa, mwalimu."

"Asante. Nashukuru."

"Karibu walau ukae. Nimekula kwako."

"Nashukuru, mzee. Niruhusu nirudi."

Fulgence aliinua nyundo, na Bibi Kandida akamfanyia ishara asubiri. Kisha sauti ikaja tena, taratibu, yenye huzuni ya mzee aliyevunjiwa heshima mbele za watu.

"Basi mwalimu unanidharau. Mbele ya mkeo. Kumbe zile fimbo ulizowachapa watoto zilikuwa za nini?"

Paskalina aliona mgongo wa mumewe ukinyooka. Aliita, "Baba Merina, usi—" Lakini miguu ya Salvatory ilikuwa imeshavua ndala, moja, kisha ya pili, akazipanga vizuri pembeni kama alivyofundishwa utotoni. "Hapana, mzee wangu, sikudharau," alisema, akaingia.

Fulgence alimfuata mbio. Akazunguka vyumba vyote, akatoka peke yake. "Hamna mtu. Mama, hamna mtu! Sakafu kavu!" Mlango ukajifunga nyuma yake.

Kisha kutoka ndani ikasikika:

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Salvatory. Ilikuwa na kile kikohozi chake cha vumbi la chaki.

"Hodi, mama Merina. Nifungulie, mke wangu, kuna giza humu."

Paskalina alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari ulimini, neno ambalo alilisema kila jioni tangu aolewe, na Bibi Kandida alimshika mkono akamkazia kucha mpaka damu.

"Ukijibu watatoka wote wawili," alinong'ona. "Na atakayetangulia si mumeo."

"Na nisipojibu?"

Bibi Kandida alimtazama. Kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na hasira.

"Hodi, Paskalina. Ni mimi. Wewe ndiye wa kuninyima karibu? Wewe?"

Paskalina alishika ncha ya khanga, akaisokomeza yote mdomoni, akaiuma mpaka machozi yakamtoka, na kwa mkono akamwonyesha Fulgence: ng'oa. Fulgence akatikisa kichwa kukataa. Akamwonyesha tena. Msumari wa kwanza ulilia ukitoka, na sauti ndani ikaharakisha, ikamtaja Merina, ikataja siku ya ndoa yao, ikataja mambo ambayo hakuna jini wala mtu aliyeyajua ila wao wawili na Mungu, ikaomba, ikatukana, ikaomba tena, bawaba ya juu ikaachia, ya kati ikaachia, na yeye amesimama pale jua linamwaka utosini anatafuna kitambaa ili asiseme neno la adabu kwa mume wake, mpaka bawaba ya mwisho ilipotoka na mlango ukaanguka kifudifudi mavumbini.

"Pas—" ilisema sauti. Ikakatika hapo.

Ndani walionekana popo tu. Ndala zilikuwa bado zimepangwa.

*

Kile kibao hakikuondolewa. Kiwanja hakikugawiwa, yule wa baa mwenyewe hakukitaka tena. Nyumba ya Nazari imehifadhiwa, kama mwalimu alivyotaka, bila mlango. Na pale Lumemo watu wakifika kwa mtu hawapigi hodi, humwita jina kutoka barabarani, wakasubiri wamwone uso.

Mlango ulirudishwa kwenye mtaro wa Bibi Kandida, na padri aliombwa aunyunyizie maji. Watu wanaukanyaga. Bibi anahimiza: piteni, piteni, kanyageni. Jumapili ya kwanza Paskalina naye alikuja na khanga yake nyeusi, akaweka mguu, akaweka wa pili. Chini ya nyayo zake kitu kikagonga mara tatu, taratibu, kama rula inavyogonga meza mwalimu akitaka darasa linyamaze.

"Pita, Paskalina!" alisema Bibi Kandida kutoka barazani. "Kanyaga!"

Paskalina aliondoa mguu. Tangu siku hiyo, akienda misa, hupandisha khanga, huzunguka mbali nyuma ya choo, kwenye matope, pamoja na mbuzi.