Huo Sitaki, Nipe Mwingine

“Elfu tatu kwa kila mtoto, Mama. Chini ya hapo sifungui mlango.”

“Usifungue! Nitawachezea hapo nje juani, na wewe ubaki humo ndani na elfu tatu zako, uzisimulie hadithi.”

Msimamizi wa ukumbi akajifuta jasho shingoni. Ilikuwa Jumamosi alasiri na watoto walishajaa barazani, wengine mgongoni kwa mama zao, wengine wakivuta mikono ya baba zao kama wanavuta ng'ombe mkaidi. Mlangoni ilibandikwa karatasi yenye maandishi makubwa mekundu: VIKARAGOSI. KILA JUMAMOSI NA JUMAPILI. KARIBUNI WOTE. BURE.

“Shida si hela peke yake,” msimamizi akapunguza sauti. “Tikiti ni kujua nani kaingia na nani katoka. Wewe umeandika ‘karibuni wote’. Wote ni akina nani?”

“Wote ni wote. Hujui kusoma?”

“Najua. Ndiyo maana naogopa.”

Mwanamke akaona huyu sasa anamchezea akili. Akamsukuma kwa bega, akaburuta sanduku lake mpaka mlangoni, akasimama hapo kama msumari. Msimamizi akatazama ule umati wa watoto, akaguna, akatoa funguo.

Huyo ndiye Bi Mikono. Kwa kazi alikuwa fundi wa kushona, lakini watoto walimwita hivyo kwa sababu hawakuwahi kumwona sura akiwa kazini. Alijificha nyuma ya pazia fupi jeusi na kuinua mikono tu. Hakuna aliyemfundisha. Yeye na mumewe walianza na soksi kuukuu na vifungo vya makoti, wakakosea, wakachekwa, wakajua. Yeye alikuwa Mbuzi. Mumewe alikuwa Kunguru. Sasa mume alikuwa kaburini mwaka wa pili, na Kunguru amelala chini kabisa ya sanduku, mdomo umetazama mbao.

Binti yao mmoja, wa pekee, aliolewa mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Kila akipiga simu ni wimbo ule ule: Mama, njoo ukae na sisi. Na jibu ni lile lile: Jumamosi nina watu wangu.

Kweli alikuwa nao. Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine alikuwa na cherehani.

Siku hiyo watoto walicheka mpaka mmoja akatapika soda. Mwishoni, kama kawaida, Mbuzi akaleta vitendawili.

“Kitendawili!”

“Tegaaa!”

Akatega. Wakashindwa. “Basi nipeni mji!” Mbuzi akadai, na ukumbi mzima ukalipuka kwa majina ya miji. Sheria kila mtoto aliijua: mshindwa anatoa mji, na mshindi akiukataa, anatafutiwa mwingine mpaka aridhike.

“Huo una matope, sitaki! Nipe mwingine! Huo hauna majani, mnataka nile mawe? Nipe mwingine!”

Akapewa alioutaka, akasimulia alivyokwenda, alivyopokelewa, alivyoketishwa na kulishwa, kisha akatoa jibu. Makofi. Kwaheri.

Viti vya ukumbi ule vilikuwa vya kujikunja. Ukiinuka tu, kiti kinajifunga chenyewe. Pa! Bi Mikono alizoea kukunja vitu vyake nyuma ya pazia huku akisikiliza. Pa! Pa-pa! Pa! Hivyo ndivyo alivyojua watu wake wanaondoka, mmoja mmoja, na kila kiti kilimgonga mahali fulani kifuani.

Kisha kimya.

Mwanga wa madirishani ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya rangi. Akamvua Mbuzi kidole kimoja…

“Kitendawili.”

Sauti ya mtoto. Kutoka safu ya nyuma. Kavu kidogo, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila maji.

Bi Mikono akatabasamu. Mtoto aliyechelewa kufuatwa, maskini. Na kusema ukweli, moyo wake ulifurahi. Akamvaa Mbuzi tena, akamwinua juu ya pazia.

“Tega!”

“Nimekaa tangu asubuhi, kiti hakijapata joto.”

“Kivuli.”

“Sicho.”

“Vumbi.”

“Silo.”

“Ehe, umenipata. Nimeshindwa.”

“Nipe mji.”

Akataja mji mkubwa, wenye magari na maghorofa, mji ambao watoto wote huuchagua.

“Huo sitaki. Nipe mwingine.”

Akataja wa pili, akicheka.

“Huo sitaki.” Sauti ikashuka, ikawa kama inanong'ona karibu na kitambaa. “Nipe unaoupenda.”

Mji anaoupenda? Angekuwa na mji gani wa kuupenda, mtu aliyeishi barabara moja maisha yake yote? Ulimi ukaenda wenyewe. Akautaja mji wa binti yake.

“Chukua huo,” akasema, na alisema kwa sauti yake, si ya Mbuzi.

“Nimekwenda,” ikasema sauti. “Nimefika. Nyumba ina mlango wa kijani. Nimebisha… Amenifungulia mtoto ana bandeji gotini. Amenikaribisha. Nimekaa.”

Mikono ya Bi Mikono ikaganda hewani.

“Jibu ni mimi.”

Pa!

Alipotoka nyuma ya pazia hakukuwa na mtu. Mlango mkubwa umefungwa. Akapanda mpaka safu ya nyuma, akashika kiti kimoja, kingine, kingine… vyote vimejifunga. Hewa ya pale ilinuka nguo mbichi iliyofungiwa sandukuni msimu mzima.

Simu ya binti yake iliita mpaka ikakata. Alipofika nyumbani akapiga tena, amesimama jikoni na mkoba begani.

“Mama, napika. Kuna nini?”

“Mtoto ana bandeji gotini?”

“Alianguka jana. Kidogo tu. Nani kakwambia?”

“Nipe mjukuu wangu.”

Simu ikakwaruza, ikapokewa na pumzi ndogo za haraka.

“Bibi, shikamoo. Huyu mtoto uliyemtuma ataondoka lini?”

“Marahaba, kipenzi. Mtoto gani?”

“Amekaa kwenye kochi. Mama anasema naongea peke yangu. Alipokaa pana baridi, Bibi.” Kisha akanong'ona. “Anasema umempa hapa. Anasema kesho ukimaliza kucheza tunaondoka wote, mimi na yeye. Kwao kuna viti vingi.”

Bi Mikono akakaa sakafuni.

Alimwambia binti yake amfungie mtoto ndani, amshike, asimwachie hata kwenda chooni. Alipiga kelele. Aliyataja yote. Upande wa pili ikaja sauti ya upole, na upole ule ulimuuma kuliko tusi.

“Mama. Unakaa peke yako mno. Mtoto kakwambia mwenyewe bandeji yake, umesahau tu. Njoo ukae na sisi. Nimekuomba mara ngapi?”

Basi la kwanza ni asubuhi, linafika usiku. Onyesho linaisha jioni. Hesabu hiyo hata mlevi angeipiga. Akapakua chakula, kikamshinda. Akaosha sahani zote mbili, ya pili safi kama ilivyotoka kabatini, akakesha.

Jumapili alimkuta msimamizi anafagia baraza. Hakumsalimia.

“Safu ya nyuma kuna nani?”

Ufagio ukasimama.

“Sijui,” msimamizi akasema. “Naapa sijui, Mama. Niliyempokea kazi aliniambia neno moja tu: mlango usikae bila tikiti. Maana asiye na tikiti huwezi kumwambia atoke. Sikuuliza, na yeye hakutaka kuulizwa.”

“Na wewe ukanyamaza!”

“Nilinyamaza wapi? Si nilikwambia elfu tatu?”

Angeweza kumzaba kofi. Lakini alimtazama, akaona midomo yake imekauka, akajua mwenzake anaogopa kuliko yeye.

“Niachie mlango wazi,” akasema.

“Nitakuachia. Lakini mimi siingii.”

Angeweza kuwarudisha watoto siku hiyo, ila kitu kile kilisema ukimaliza kucheza, na onyesho lisiloanza halina mwisho wa kungojwa. Hakujua kama kingesubiri au kingekasirika. Akacheza. Mbuzi akaanguka kwenye ndoo, watoto wakacheka, na nyuma ya pazia mwanamke alikuwa analia bila sauti, mikono yake inachekesha watu.

Kwaheri. Makofi. Pa! Pa-pa! Pa! Familia zikatoka, viatu vikaburuzwa barazani, mtoto mmoja akiuliza kama kesho watarudi, akiambiwa kesho ni shule.

Kimya.

Harufu ya nguo mbichi ikamfikia kabla ya sauti.

Safari hii hakubaki nyuma ya pazia. Alifungua sanduku mpaka chini, akamtoa Kunguru, akamvaa mkono wa kushoto. Hakujua kwa nini. Labda hakutaka kuwa peke yake. Akatoka, akasimama mbele ya jukwaa, watu wote wangemwona sura kama wangekuwepo watu. Safu ya nyuma, katikati, kiti kimoja kilikuwa chini. Hakuna aliyekikalia. Lakini kilikuwa chini.

“Kitendawili!” akasema.

Kikajibu kwa furaha: “Tega.”

“Kila jioni nakula na mwenzangu, sahani yake haipungui.”

“Kivuli.”

“Sicho.”

“Picha.”

“Siyo.”

“Mimi,” ikasema sauti, na ndani yake kulikuwa na kicheko.

“Si wewe. Wewe kwangu hujafika.”

Kicheko kikakatika. Kisha akasikia kitu ambacho mpaka leo akiwa cherehanini humsimamisha mguu. Kiti kingine kilishuka. Krii. Kingine. Krii. Safu nzima, kisha safu ya mbele yake, viti vikashuka kimoja kimoja gizani, na kutoka huko kikaja kinong'ono cha wengi, kama darasa linaloshauriana.

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Hakuipokea. Alijua akigeuza macho tu, mchezo umevunjika.

“Tumeshindwa,” wakasema.

Tumeshindwa! Akapumua.

“Nipeni mji.”

“Chukua kwetu.”

Na Kunguru akageuza kichwa.

Vidole vyake mwenyewe havikusogea. Aliviona. Lakini mdomo wa kitambaa ulifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ile nzito, yenye kikohozi kidogo mwanzoni, iliyomwamsha kila asubuhi kwa miaka yote ile.

“Bibie… njoo. Chakula kimepoa nikikusubiri.”

Safu ya mbele, karibu kabisa na miguu yake, viti viwili vikashuka. Kimoja kikalia kwa uzito, kama kilivyozoea kulia mtu mnene anapokaa. Kingine kilishuka polepole na kungoja.

“Nimekuwekea nafasi,” akasema Kunguru. “Unarudi wapi? Nani anakungoja huko?”

Hakuna. Hakuna mtu. Kuna cherehani, birika, na sahani ya pili. Alitazama kile kiti, akaona jinsi kitakavyompokea, akapiga hatua. Mkono wake wa kulia ukagusa mgongo wa kiti.

Baridi.

Mfukoni simu ikatetemeka tena, ndogo, ya haraka, kama pumzi za mtoto. Ikakata. Ikaanza tena.

Akamvua Kunguru. Alimvua taratibu, kama mtu anavyomvua mgonjwa shati, akamlaza juu ya kiti kile alichowekewa yeye.

“Kaa naye,” akamwambia, sijui alikuwa anamwambia nani.

Kisha akainua uso, akawatazama gizani wale wasiokatiwa tikiti, mikono yake miwili iko wazi, haina kitu.

“Huo sitaki.”

“Tukupe upi?” sauti kavu ikauliza, na sasa haikuwa ya mtoto hata kidogo. “Miji ni mingi.”

“Unaujua. Una mlango wa kijani.”

“Ulitupa mwenyewe. Bure.”

“Niliutoa kwa sheria, na kwa sheria naudai. Nipe mji wangu.”

Safu ya nyuma kiti kimoja kikajifunga, pa!, kisha kingine, kisha vyote isipokuwa viwili vya mbele, na simu ilipotetemeka tena akaipokea: “Bibi, yule mtoto ameondoka peke yake.”