Shati la Saba

Sindano ilikuwa ya moto. Fundi aliigusa alasiri moja alipokuwa akifuta vumbi kwenye cherehani ya marehemu mumewe, ambayo haikuwa imekanyagwa na mtu kwa miaka saba. Akajinyonya kidole, akaifunika cherehani tena, akarudi kwenye sketi ya mteja. Mwingine angetimua mbio. Yeye moyo wake ulikuwa umekufa ganzi siku nyingi. Ungemwambia paa linaungua, angeuliza kwanza kama pasi imezimwa.

Kila mwaka, siku aliyofiwa, alimshonea mumewe shati jipya kwa vipimo vilevile vya kwenye daftari: bega kumi na nane, mkono ishirini na nne. Alilipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango. Sasa yalikuwa saba. "Ni mazoea tu," alimwambia binti yake, ambaye ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani, na binti akaacha kuuliza.

Baada ya siku ile ya sindano, mashati yakaanza kunuka jasho. Kisha mishono ya kwapani ikaanza kuachia, mikono ikawa imevutika, kana kwamba kuna mwenye mikono mirefu anayeyavaa. Fundi hakupiga kelele. Alikaa akafungua pindo za mikono, akairefusha. Wiki iliyofuata akaunga kitambaa, akairefusha tena. Alipopima alipata inchi thelathini na moja, na mumewe hakuwa na mkono wa namna hiyo, wala binadamu yeyote aliyewahi kumpima. Alijua anayeyavaa si mumewe. Alijua vizuri kabisa, akaendelea kushona, maana alasiri zile kanyagio la cherehani ya mumewe lililia lenyewe nyuma yake kama zamani na chumba hakikuwa kitupu.

Binti ndiye aliyemleta mganga. Bibi huyo aliishia mlangoni, akaziba pua.

"Nani anamshonea huyu?" akanong'ona.

"Mimi, bibi."

"Unajua ni nani?"

"Najua si mume wangu."

"Ni jini, mwanangu, na umeshampa nguo. Kesho atataka mwili wa kuuvalisha. Fumua yote kwa mkono wako mwenyewe, uzi kwa uzi. Likibaki hata moja, hatoki."

Fundi alifumua sita. La saba alilificha chini ya godoro, akamwambia binti kwamba kazi imekwisha.

Siku tatu zikapita kimya. Siku ya nne, mchana kweupe, binti akiwa amejilaza chumba cha pili, fundi alifungua daftari akakuta ukurasa mpya, wino haujakauka, mwandiko wa mumewe: kifua, kiuno, bega, shingo. Vilikuwa vipimo vya binti yake.

Akalitoa shati chini ya godoro, akaketi sakafuni na wembe, akaanza na kola, na papo hapo kanyagio likaanza kulia, polepole, kisha mbiombio, harufu ya jasho ikajaa chumba, na mkono ukamshika begani, mkono mrefu ambao vidole vyake vilimfikia kiwikoni, lakini yeye akaendelea kukata, bega, kwapa, upindo, mpaka sauti ikamwita "Mama Vifungo," jina ambalo mumewe alimwita wakiwa wawili tu, akitaka kumtuliza hasira, ikasema kwa upole, "Geuka unione, mara moja tu," naye akatamani kugeuka kuliko alivyowahi kutamani chochote duniani, akafumba macho, akaukata uzi wa mwisho kwa kupapasa.

Kanyagio likanyamaza.

Binti alikuja mbio akamkuta amekumbatia vipande vya shati, analia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata siku ya mazishi.

"Mama! Amerudi?" aliuliza kwa woga.

"Hapana, mwanangu." Fundi alimvuta, akamkumbatia. "Baba yako amekufa."