Vijiti Vilivyoanikwa Juani

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Zahara alitandaza dagaa kwenye wavu nyuma ya nyumba yao mjini Busia. Upande huo wa Uganda dagaa huitwa mukene, na mama yake, Bi Rukiyah, aliwauza sokoni kwa kopo. Jua likianza kupanda, msichana huyo wa miaka kumi na miwili alinawa mikono, akachukua mashine ndogo ya kupimia sukari, akamchoma baba yake kidole.

Baba yake, Mzee Nasifu, alikuwa dereva wa lori. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtoa barabarani tangu Ramadhani, na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia kilikataa kupona. Tajiri wake alimwahidi kumwekea lori hadi apone. Kwa hiyo nyumba nzima iliishi kwa kuungoja mguu ule.

Sista Joanita, muuguzi wa kliniki ya mtaani, aliwapa amri moja. "Namba ikifika kumi na tano siku mbili mfululizo, mleteni mara moja. Msingoje kidonda kiwaambie."

Kazi ya Zahara ilikuwa kutia kijiti kipya kwenye mashine, kukigusisha tone la damu na kuandika namba katika daftari. Aliifanya kwa maringo kidogo, nami simlaumu. Si kila mtoto wa darasa la sita anayekabidhiwa damu ya baba yake.

Jumatatu moja alikuwa na haraka ya shule. Mikono ikiwa bado imelowa, alifungua kichupa cha vijiti, kikamponyoka, kikatumbukia katika beseni la maji ya kuoshea dagaa. Vijiti vyote vikaelea. Kichupa chenyewe kilikuwa kipya. Mama yake alikinunua juzi tu ng'ambo ya mpaka, kwa Patroba muuza dawa.

Kate, binti wa jirani, alipokuja kumpitia alimkuta analia.

"Sasa unalia nini?" Kate aliuliza. "Mukene ikinyeshewa, nyinyi mnatupa?"

"Hapana. Tunaanika tena."

"Basi anika. Jua ya hapa inakausha kila kitu."

Ushauri ule ulimwingia Zahara, maana katika nyumba yao kilicholowa kilianikwa: dagaa, mihogo, hata madaftari. Alivipanga vijiti juu ya bati, akamwambia baba yake kwamba angempima mchana. Saa saba aliporudi kula, vilikuwa vimekauka, vyeupe na safi. Alimpima baba yake. Mashine ikaonyesha saba, na Zahara akashusha pumzi.

Kesho yake ikawa nane, keshokutwa sita. Mara nyingine mashine ilikataa kabisa kusoma, naye akatupa kijiti na kujaribu kingine hadi namba ilipotokea. Lakini Mzee Nasifu alimaliza maji jagi baada ya jagi.

"Rukiyah, mimi nakunywa maji kama rejeta inayovuja," alisema siku ya sita. "Kiu haiishi."

"Basi twende kwa sista."

"Kufanya nini? Si namba ni saba? Mashine haina sababu ya kunidanganya."

Zahara alikuwa amesimama mlangoni na daftari mkononi. Alijiambia kwamba saba ni saba. Moyoni alijua anaogopa tu, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humuumbua. Hawakusema kwamba anayeficha anaweza kuwa mmoja na anayeumwa akawa mwingine.

Siku ya kumi mguu ulinuka kupita dagaa. Walimpakia Mzee Nasifu kwenye bodaboda, mama akimshikilia kwa nyuma, na Zahara akawafuata mbio kwa miguu. Mashine ya Sista Joanita haikutoa namba yoyote. Sukari ilikuwa imepita kipimo chake.

"Hii si ya leo," sista alisema. "Nyumbani mlikuwa mnapima?"

Bi Rukiyah alimwonyesha daftari, pamoja na mashine na vijiti walivyokuja navyo. Sista alilisoma, akakunja uso, kisha akapima damu ileile kwa kijiti chao. Tisa.

"Vijiti hivi vimekufa," alisema.

"Patroba!" Bi Rukiyah alipiga kofi mapajani. "Ameniuzia vitu bovu! Leo nakwenda kumuaibisha mbele ya watu wote."

Alikwisha kujifunga leso kiunoni. Zahara angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Mama, si Patroba," alisema. "Ni mimi. Viliingia kwenye maji nikavianika."

Hakuna aliyempiga. Angepigwa angeona afadhali. Sista Joanita alishika kijiti kimoja, akamwonyesha ncha yake.

"Hapa pamepakwa utando wa dawa, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Damu ikikutana na dawa hiyo, unatokea umeme kidogo sana, na mashine inausoma. Maji yakiingia, dawa inaharibika. Jua inakausha kijiti, lakini dawa hairudi."

Huko Tororo, katika hospitali kubwa, walimkata mguu chini ya goti. Tajiri alikuja kumpa pole, akakaa dakika chache, na wiki iliyofuata lori likapewa dereva mwingine.

Mzee Nasifu aliporudi nyumbani, Bi Rukiyah alinunua kichupa kipya na kukifungia kabatini. "Huyu mtoto hapimi tena," alisema.

"Mpe," Mzee Nasifu alijibu. Akamwita Zahara, akamkalisha karibu. "Kulowesha vijiti ni bahati mbaya. Ungeniambia siku ileile, tungekwenda kwa sista. Mguu wangu haukuchukuliwa na maji ya beseni, mwanangu. Umechukuliwa na siku kumi za kunyamaza. Na mimi pia nilikosea: mwili ulinipigia kelele, nikasikiliza daftari. Kosa likisemwa mapema lina dawa. Likifichwa, linakula mtu."

Zahara alilia sana, na baba yake akamwacha alie. Kisha alinawa mikono, akaifuta hadi ikakauka, akatoa kijiti kimoja na kufunga kichupa palepale. Mashine ilihesabu polepole. Namba ilipotokea, alitamani kwa moyo wake wote iwe saba.

"Ngapi?" baba yake aliuliza.

"Kumi na nne, baba."

Bi Rukiyah aligeuza uso ukutani. Mzee Nasifu akamsogezea binti yake daftari.

"Andika hiyohiyo," alisema.

Zahara akaandika kumi na nne.