Nyumba Isiyouliza Mshahara

Enyi wazazi, walezi, na ninyi wanafunzi mnaosoma huku mmelala, kaeni vizuri. Habari hii ni ya nyumba iliyoponzwa na adabu.

Ilikuwa Jumapili alasiri, nyumba imetulia tuli. Mama, fundi cherehani aliyevalisha nusu ya mtaa, alikuwa ameifunika mashine yake ya kudarizi kwa kitambaa cheupe. Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuwa akimimina chai. Jirani yao, Afisa Misitu, aliketi pale pale anapoketi kila Jumapili, miguu ameificha chini ya kiti kwa sababu soli ya kiatu kimoja ilishaanza kuaga. Wote waliiona. Wote wakatazama dari.

Mara binti wa nyumba akaingia mbio. Huyu tangu utotoni aliitwa Waziri, kwa jinsi alivyopenda kutoa maagizo.

"Nimepata chuo! Shahada ya usimamizi wa maliasili! Miaka minne!"

Vigelegele vikapigwa mpaka chai ikamwagika. Vilipokwisha, Mama akashusha pumzi.

"Ada yao inatisha. Lakini chama cha mikopo kitatukopesha nikiweka mashine hii dhamana. Ukianza kazi utalipa, sivyo mwanangu?"

Waziri akaketi mezani, akamgeukia Afisa Misitu. Kazi aliyoiota ndiyo aliyoifanya bwana huyu: kupima miti, kulinda chemchemi, kuamua ugomvi wa wafugaji na wachoma mkaa.

"Anko, samahani, hivi mtu akianza hiyo kazi analipwa..."

Shangazi akamkanyaga mguu chini ya meza. "Analipwa heshima!" akamalizia. "Afisa, ongeza sukari."

Ndugu msomaji, katika nyumba ile ungeweza kumuuliza mgeni habari za tumbo lake, ndoa yake, hata upara umemwanzia wapi. Mshahara, hapana. Huo ulikuwa utovu wa adabu wa daraja la kwanza. Afisa akafungua mdomo, akaufunga, akaongeza sukari asiyoihitaji; Waziri akala biskuti.

Mkopo ukachukuliwa. Waziri akasoma kwelikweli. Alijifunza kukadiria thamani ya mto, ya msitu, hata ya nyuki wanaochavusha maua. Thamani ya kazi yake mwenyewe hakuikadiria.

Alipohitimu alikaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Riba haikukaa naye. Yenyewe iliendelea kupanda. Mama alilipa alichoweza, kisha akaanza kuomba subira, hadi chama kikasema subira imetosha: mshahara wa kwanza ukitoka, malimbikizo yote yalipwe, au mashine iondoke.

Kazi ikapatikana hatimaye, tena ofisini kwa Afisa Misitu. Nyumba nzima ikapumua. Siku ya mshahara Waziri alitazama simu yake, akaipangusa kwa kanga, akatazama tena. Akaenda mezani kwa jirani.

"Anko, wamekosea. Wamenilipa nusu."

"Hawajakosea, mama. Ndio mshahara wa kuanzia."

"Lakini rejesho la mwezi mmoja tu linaupita huu!"

"Rejesho la nini?" Alipoambiwa, Afisa akavua miwani. "Mimi nilidhani baba yenu aliacha akiba. Ofisi hii inachukua wenye stashahada ya miaka miwili, chuo cha umma, kisha inawalipia shahada wakiwa kazini. Hata mimi nilisoma hivyo."

"Mbona hukutuambia?"

"Mbona hamkuuliza? Siku ile ulipoanza swali nilikaa nikisubiri ulimalizie. Ukala biskuti."

Waziri akarudi mezani kwake. Kumlaumu Shangazi kulikuwa rahisi, lakini mguu wa Shangazi haukumfuata getini wala barabarani, ambako angeweza kuuliza mara mia. Ukweli ni kwamba aliogopa jibu. Aliogopa liwe dogo, na vigelegele vile vigeuke minong'ono.

Watu wa chama walikuja kesho yake asubuhi. Shangazi, kwa mazoea, akawaambia, "Karibuni chai."

"Asante, mama. Tuko kazini."

Mama ndiye aliyewaelekeza namna ya kuibeba mashine. "Msishike hapo, patapinda. Shikeni chini." Walipopita mlangoni alikikunja kile kitambaa cheupe, akakosa pa kukiweka.

Mashine ilinunuliwa na fundi wa mtaa wa pili, naye akamwajiri Mama aiendeshe. Kila jioni Waziri humpitia akitoka kazini, mabuti yamejaa vumbi la msitu. Humsubiri nje. Kuingia ndani hajaweza.

FUNZO

Msiseme kwamba kazi ya maliasili ni mbaya. Waziri anaipenda hadi leo, na chemchemi zinahitaji watu wa aina yake. Kosa ni kukopa kwa kutazama ndoto bila kutazama mshahara. Kabla hujatia saini, mtafute anayeifanya kazi hiyo na umuulize bila haya: unaanza na ngapi, ulisota bila kazi muda gani, na je, kuna njia nafuu ya kufika hapo? Jibu likikuumiza, heri likuumize wewe kabla halijamfikia aliyekuwekea riziki yake dhamana.

Na nyie mashangazi wote, kwa heshima na taadhima: watoto wakiuliza, ondoeni miguu.