Gunia Alilotuletea Shemeji

Nina umri wa miaka hamsini na minne, mjane, mama wa binti mmoja, na nina digrii mbili ambazo hazikunifaa kitu siku nilipozihitaji. Naandika haya nikiwa Bokoli, karibu na Webuye, katika chumba ambacho niliambiwa tungekaa wiki mbili tu. Njeri, binti yangu, aliingia humu akiwa mgongoni kwangu. Leo huinama ili asigonge kichwa mlangoni...

Huenda baadhi yenu mmewahi kusoma makala zangu magazetini kuhusu haki ya wakimbizi wa ndani kurudi makwao. Nisameheni! Ziliandikwa na mwanamke aliyekuwa akilala na viatu miguuni.

Mume wangu alizikwa shambani kwetu, nje kidogo ya mji wa Kitale, kando ya ua wa kayaba. Kabla udongo wa kaburi haujashikana, vurugu za baada ya uchaguzi zikazuka. Majirani tuliobadilishana nao mbegu wakaacha kutuamkia. Kisha moshi ukaonekana ng'ambo ya mto, ukavuka kuja upande wetu.

Aliyetuokoa ni Karanja, mdogo wa marehemu. Alikuja na pikapu, akatulaza chini ya turubai, akapita vizuizi viwili. Sitamnyima haki yake. Siku ile alihatarisha roho yake kwa ajili yetu. Laiti angekuwa mbaya tangu mwanzo! Ningemjua.

Akatuweka Bokoli kwa rafiki yake. Yeye akarudi kukaa Tuwan, mle mjini Kitale, "nichunguze hali," alivyosema.

Hali! Neno hilo moja lilitosha kunifunga...

Kila baada ya mavuno Karanja alikuja na magunia ya mahindi. "Nimewanunulia hapo soko, Mama Njeri. Mtoto wa ndugu yangu hawezi lala njaa na mimi niko." Nami nilimshukuru huku machozi yakinilengalenga, nikamwombea baraka kwa sauti, majirani wakisikia. Kisha nilimwuliza kama sasa tunaweza kwenda walau kuliona kaburi. Kila mara alitazama chini, akavuta pumzi.

"Ai, bado. Juzi tu wamekata mtu pale kwa daraja. Wakisikia tu jina lako... Ngoja kwanza. Fikiria Njeri."

Nami nilimfikiria Njeri. Nilimkataza kusema Kikuyu nje ya nyumba. Shuleni nilimwandikisha kwa jina la Jane, asije akajulikana. Kila uchaguzi ulipokaribia nilifunga begi, na ulipopita salama sikulifungua. Je, Karanja alinikataza kutoka? Hata mara moja! Komeo za mlango zilikuwa mbili, na zote nilizitia mwenyewe.

Jirani yangu Nasimiyu alinishangaa. Naye alikuwa ametimuliwa kutoka Mlima Elgon katika vita vya mashamba, akaja Bokoli na sufuria moja.

"Ati Kitare kuna vita? Mimi naenda huko kira Jumamosi na vitunguu, bana. Ni vita gani hiyo inaniruka mimi?"

Nikamweleza, kwa ule upole wetu wasomi unaoudhi, kwamba yeye akiwa Mbukusu hangeweza kuiona hatari niliyoiona mimi Mkikuyu. Alikuwa amezika mume na kaka kule Elgon. Mimi nikamfundisha hatari!

Nasimiyu ndiye aliyeanzisha kikundi cha wanawake na wasichana waliofukuzwa makwao. Walikutana katika ukumbi wa kanisa, wakajifunza kushona sare za shule. Nikajiunga, lakini kama mhadhiri. Nilisimama mbele yao nikawaeleza kwamba mjane ana haki ya ardhi ya mumewe. Wakapiga makofi kwa adabu. Baada ya hotuba kadhaa, Nasimiyu akanishika bega.

"Mama Njeri, maneno imetosha. Kuja ukae kwa cherehani."

Nikakaa. Nilishona mikono ya shati upande mmoja, yote miwili! Walicheka hadi wakalia, nami nikacheka nao. Sikumbuki nilikuwa nimecheka lini kabla ya hapo.

Basi siku moja Nasimiyu akataka kila mmoja aonyeshe mshono aliokuja nao kutoka kwao. Wengine walionyesha vitambaa vya meza. Mimi sikuwa na kingine ila kufunga mdomo wa gunia. Nikaomba sindano kubwa na uzi wa katani, nikawaonyesha mshono wa mnyororo niliowafundisha vibarua wetu. Ukivuta uzi mara moja, wote unafumuka. Nikawachekesha kwa habari za Wafula, mfanyakazi wetu anayetumia mkono wa kushoto, aliyeanzia upande usiofaa na kumalizia kwa fundo lenye masikio mawili kama sungura. Nilimrekebisha, nikachoka, nikamwacha.

Njeri hakucheka.

"Mum," akasema polepole, "si hivyo ndivyo magunia ya Uncle yamefungwa?"

Nilitaka kumwambia asiseme upuuzi... Lakini vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kubali. Miaka yote ile nilikuwa nikiyafungua magunia ya Karanja kwa mvuto mmoja, kuanzia upande wa Wafula, bila kufikiri. Nilirudi nyumbani mbio. Gunia la mwisho lilikuwa pembeni mwa kitanda, halijafunguliwa. Masikio mawili ya sungura yalinitazama.

Kesho yake nilivua viatu vya kulalia nikavaa vya kutokea. Nasimiyu alinishika mkono tangu Bokoli hadi Kitale, kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Mnajua ni mbali kiasi gani? Ni safari ya asubuhi moja! Tulifika hata chai haijanikauka mdomoni.

Pale darajani hakukuwa na maiti. Palikuwa na mama anayeuza mboga. Aliponiona alidondosha kisu.

"Mama Njeri? Wewe uko? Si Karanja alituambia uliolewa Nyahururu, ati hutaki hata kusikia hii Kitale!"

Huko waliambiwa nimewakataa. Huku niliambiwa wananiwinda. Katikati alisimama mtu mmoja...

Nyumba yetu ilikuwa na mabati mapya. Shamba lilijaa mahindi. Wafula akatoka ghalani, nywele nyeupe, akanisalimu kwa mikono miwili. Alifurahi, maskini!

"Karibu, mama. Bosi alisema unakaa vizuri huko. Mimi ndiyo huchagua mahindi yako, ile safi kabisa. Ilikuwa inafika?"

Nikamwambia ilifika. Kisha nikamwomba anionyeshe kaburi. Akainamisha kichwa, akanipeleka kando ya kayaba, akanyoosha kidole. Msalaba haukuwepo. Mistari ya mahindi ilipita pale moja kwa moja, haikupinda hata kidogo.

Ndipo nilipokaa chini. Mahindi hayo ndiyo tuliyosaga! Ndiyo niliyomwombea baraka aliyeyaleta!

Karanja alifika kabla ya adhuhuri, habari zikiwa zimemtangulia. Hakukana. Shamba alikuwa ameliandikisha kwa jina lake, kama mrithi pekee wa nduguye.

"Mwanzoni kulikuwa kubaya kweli, Mama Njeri. Hiyo unajua."

"Na baadaye?"

Akafuta jasho. "Baadaye niliona umezoea. Na si nilikuwa nakulisha?"

Umezoea! Nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini tusi la kweli ndilo lisilopona.

Kesi iko mahakamani Kitale. Huahirishwa, tukarudi, ikaahirishwa tena. Karanja bado analima, na mimi bado niko katika chumba kilekile, mgeni nyumbani na mkimbizi ugenini. Ila Njeri amerudisha jina lake, na komeo moja nimeing'oa. Ile nyingine... bado mkono unakataa.

Kikundi chetu sasa kina kazi mpya. Mwanamke akisema kwao hakuendeki, wawili wetu tunamsindikiza akaone mwenyewe, mchana kweupe. Wengine wamekuta hatari ni ya kweli, tukarudi nao. Wengine wamekuta mashamba yao yakilimwa na ndugu waliolia nao.

Mavuno yaliyopita Karanja hakuleta kitu. Lakini gunia moja lilifika, limetumwa kupitia kwa wachuuzi wa vitunguu wenzake Nasimiyu, limefungwa kutoka upande usiofaa. Ndani, juu kabisa ya mahindi, Wafula alikuwa ameweka kipande cha ubao ulioliwa na mchwa. Kilikuwa na herufi mbili za mwisho za jina la mume wangu.

Dada zangu mliofukuzwa makwenu, nawasihi... Anayewalisha msimkosee adabu. Mshukuruni. Lakini msimwazime macho yenu! Akiwaambia kwenu bado kunawaka, shikaneni mikono mwende mkautafute huo moshi. Mimi nilikuwa umbali wa asubuhi moja, na nilichelewa hadi mahindi yakaota juu ya mume wangu.