Pengo Baada ya "Njoo"

Wimbo ulikuwa na pengo, na ndani ya pengo mtu alipumua.

Fundi mitambo aliurudisha, akasikiliza tena. Machozi, mwimbaji mwenyewe, akamwambia ni feni. Feni ilikuwa imezimwa.

Huyu Machozi alipata jina kwa kumlilia mwanamke asiyepatikana. Albamu nzima anakonda, hali, halali, na huku kitambi kinamtangulia mlangoni. Mkewe alimpikia na kumfulia miaka yote, na hajawahi kuimbiwa hata kikohozi. Ujanja wa Machozi ni kwamba hamtaji anayemlilia, ili kila mwanamke adhani ndiye. Kisha baada ya kila "njoo" anaacha kimya, wasikilizaji waumie vizuri.

Asubuhi ile, kabla ya kurekodi, fundi alikuwa amemsihi, "Kaka, weka jina. Ukiita hivyohivyo, ataitikia yeyote."

Machozi alicheka, akaisogelea maikrofoni, akaongeza kwa mbwembwe: njoo, hata kama si binadamu. Pumzi ile ilikuja palepale, ndani ya pengo lililofuata.

Kesho yake, mchana kweupe, alikuwa anaoga huku akijiimbia, maana hakuna aliyempenda Machozi kumzidi Machozi, na alipofika kwenye "njoo" akanyamaza kwa mazoea, na ndani ya kimya kile maji yakaacha kulia ndooni ingawa yalikuwa bado yanamwagika, na harufu ya nywele zilizoungua ikapita chini ya mlango, ikampanda magotini, ikamzunguka shingo kama mikono, na sauti ya kike ikamwambia sikioni, polepole, kama mtu aliyetoka safari ya mbali: "Nimekuja."

Shujaa wa mapenzi alitoka mbio na povu lake, akajificha nyuma ya mkewe.

Bibi mganga alipelekwa studio, kwa kuwa mwito ulitolewa huko. Alinusa, akakunja uso. Akasema jini aliyeitwa bila jina huondoka akisikia jina la mwenye nafasi. Machozi amwimbie mkewe, kwa jina lake, wimbo wa kumpenda aliyenaye. Akishindwa, mgeni anakaa moja kwa moja.

Mkewe alisimama nyuma ya kioo, hedifoni masikioni, akisubiri.

Machozi aliliita jina lake. Likatoka kavu, kama anaita mgonjwa kwenye foleni. Akatafuta la kufuatia, na hakukumbuka hata mkewe akicheka anafananaje. Koo likateleza lenyewe kwenye njia yake ya kila siku: uko wapi, mpenzi, nakonda, njoo.

Akaacha pengo.

Mkewe alivua hedifoni kabla jibu halijafika. "Bibi, twende zetu," alisema. "Huyu keshapata wake."

Mkewe yuko kwao siku hizi, na amenenepa. Machozi haimbi, utamlilia vipi aliyekukalia mapajani? Ukipita chini ya dirisha lake, shika pua. Utasikia sauti ya kike, tulivu, ikibembeleza kutwa nzima:

"Mpenzi, nimeshafika. Sasa niimbie."

Kisha kimya, kirefu, cha yuleyule bingwa wa mapengo.