Mwenye Saluni wa Pili

Wangechi alikuwa mteja wa kwanza, naye ni katika wale watu wanaosinzia wakisukwa. Alipoamka alijitazama kiooni, akasifu kazi, akasema ila yule msichana wa upande wa kushoto apashe mikono joto kabla ya kushika kichwa cha mtu. Aoko alidhani ni mzaha, akacheka. Saluni nzima ilikuwa chumba kimoja cha mabati pale Landless, Thika, na asubuhi hiyo hapakuwa na msichana yeyote ndani. Alikuwa yeye tu na mikono yake miwili.

Lakini tusimfiche msomaji. Huyo msichana alikuwa ameandikishwa kihalali kabisa, sahihi na kila kitu.

Jina lake Lynn, binti wa pekee wa Aoko, msusi katika saluni ya watu kule Mugutha. Mama na binti walikuwa wamepanga kufungua yao. Kisha jioni moja Lynn akagongwa na gari hapo Ruiru akitoka kazini, wakamzika nyumbani Ugenya. Baada ya mazishi majirani waliacha kumwita mama yake Mama Lynn. Walianza kumwita Aoko, kwa sauti ya chini, wakidhani wanamhurumia. Watu wema wakati mwingine hawana akili. Lile jina ndilo lilikuwa limebaki, na walipolinyamazia alilia kuliko alivyolia kaburini.

Ndiyo maana alikwenda kwa Boaz, mwenye saiba, kile kibanda cha intaneti karibu na stendi, kuandikisha biashara. Boaz akamweleza kwamba serikali inataka majina zaidi ya moja, ili la kwanza likiwa limechukuliwa wampe jingine. Kila jina alilolitoa Aoko lilikuwa na Lynn ndani. Akaulizwa wenye biashara ni wangapi, naye akaweka mezani vitambulisho viwili. Cha Lynn alitakiwa kukirudisha alipokwenda kuomba kibali cha kuzika, akadanganya kwamba kilipotea kwenye ajali. Na cheti cha kifo hakuwahi kukifuata, kwa sababu kukichukua ni kukubali.

Boaz alichapisha fomu ya kutiwa sahihi na wenye biashara wote. "Mwenzako yuko wapi asaini?"

"Yuko kazini," Aoko akasema. "Nitampelekea."

Akatoka nje, akaiweka karatasi juu ya goti, akamsainia marehemu. Moyo wake ulitulia siku hiyo kuliko siku zote tangu msiba.

Baada ya Wangechi, akaja Maluki, ofisa wa kaunti, kukagua saluni kabla ya leseni kutolewa. Aliangalia ndoo za maji, akaangalia mtungi wa kuzima moto, akaridhika. Alipokuwa anaaga alimwinamia Aoko, akamnong'oneza kwamba yule mwenzake ajifunze kuitikia salamu, biashara ni mdomo. Aoko akageuka. Kiti cha pili kilikuwa kitupu, ila nywele za bandia zilizokuwa juu yake zilikuwa zimechanwa na kugawanywa mafungu tayari kwa kusukwa, kazi ambayo yeye hakuwa ameigusa. Chumba kilinuka udongo mbichi.

Unadhani alikimbia? Alifunga mlango, akaketi kukitazama kile kiti, akafurahi. Hilo ndilo la kusikitisha kuliko yote.

Basi Wangechi akarudi na kitambaa kichwani. Alikivua, na upande wote wa kushoto ulikuwa upara, ngozi tupu iliyo baridi kama ya samaki. Mwingine akaja vivyo hivyo, na mwingine tena, wote upande huohuo, na wateja wakaanza kuvuka barabara wasipite mlangoni.

Aliyethubutu kuingia ni jirani yake Zainab, Mama Fahim, anayejulikana mtaani kwa kuwasomea wenye majini. Alikuja mchana kweupe, akasimama katikati ya chumba akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma harufu ya udongo ilizidi, mashine ya kukausha nywele ikaanza kuvuma ilhali stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, mataulo yakaloa yenyewe kwenye kamba, na nyuma ya mgongo wake, taratibu, bila haraka yoyote, kitu kikawa kinapitisha kitana kwenye nywele ambazo hazikuwapo, tena na tena, mpaka Zainab akaacha kusoma.

"Mama Lynn," akanong'ona, na Aoko akainua uso kuitwa hivyo. "Kinasema kina haki ya kukaa. Umekiandika wewe mwenyewe."

"Ni mtoto wangu."

"Uliandika nafasi ya mtu ambaye hayupo. Kimekuja kuijaza. Fuata cheti cha kifo, Boaz amtoe Lynn kwenye biashara, halafu nisome. Kitatoka." Zainab alimshika mkono. "Na ukiwa na shaka, kaa kitini kikusuke. Mkono wa mtoto wako unaujua."

Aoko alikwenda Ruiru, akapanga foleni, akakichukua kile cheti. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kwa Boaz, alifungua saluni, akaketi kitini, akakiweka cheti mapajani. Mikono ikaja.

Lynn alikuwa na mkono mzito. Tangu akiwa darasa la nne alijifunzia kwenye kichwa cha mama yake, akizivuta nywele za mbele hadi nyusi zikapanda, na kila Jumamosi waligombana wee mpaka wakaishia kucheka. Mikono hii ilikuwa laini. Ilipita kichwani kwa adabu, ikijua kila kitu kuhusu nywele na haijui chochote kuhusu mama huyu. Mstari wa kwanza haujafika kisogoni Aoko alikuwa ameshajua, na machozi yakamtoka bila kuvutwa unywele hata mmoja.

"Mama Lynn, twende," Zainab akaita kutoka nje. "Boaz amefungua."

Mikono ikasimama. Kile kitu kikangoja nyuma yake, kisha kikasema, kwa sauti iliyokuwa bado inajifunza kusema, "Mama?"

Aoko alikitazama cheti. Akafikiria meza ya Boaz, na jina likifutwa, na kurudi kwenye chumba kisicho na mtu. Nywele zake za upande wa kushoto zilikuwa zimeanza kudondoka juu ya karatasi.

"Endelea, Lynn," akasema.